Kabaka Mwanga: mfalme aliyekufa mwaka 1903 na bado anatajwa katika vita juu ya mapenzi ya jinsia moja

KALEMIE – Kila tarehe 3 Juni, Wakatoliki wa Kalemie, Moba na vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika, sawa na wenzao wa dunia nzima, wanaadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda. Mfalme aliyeamuru wachomwe moto hutajwa kwa sentensi moja tu, kisha mahubiri yanaendelea.

Mfalme huyo ni Mwanga wa Pili, kabaka wa Buganda. Aliishi miaka 35 hivi na alifia kifungoni, mbali na nchi yake. Katika miaka hii ya karibuni jina lake limerudi kwenye midomo ya watu. Nchini Uganda, wachungaji na wanasiasa wanamtaja wanapodai adhabu kali kwa watu wanaopendana na watu wa jinsia yao. Watetezi wa haki za binadamu nao wanamtaja, wakisema kwamba mapenzi hayo yalikuwapo Afrika kabla ya Mzungu kutawala.

Pande zote mbili huchukua kipande kimoja cha maisha yake. Anayeyafuata toka mwanzo hadi mwisho anakuta habari ya mtawala ambaye kila dini ilitaka kumtumia, na ya nchi ambamo kuwa Mkatoliki, Mprotestanti au Mwislamu kuligeuka kuwa chama cha siasa chenye bunduki.

Mtoto wa Mutesa

Mwanga alizaliwa mwaka 1868. Baba yake, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alitawala Buganda, ufalme wenye nguvu kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Victoria. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kufika hapo na bidhaa, bunduki na dini ya Kiislamu. Mutesa alijifunza dini hiyo, alifunga Ramadhani na kuwaagiza watu wake wamfuate.

Lakini vijana kadhaa Waislamu wa ikulu waliichukua dini kwa uzito kuliko mfalme. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na watu wake na kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa. Katika miaka ya 1870 Mutesa aliamuru makumi yao wauawe. Wengi waliuawa Namugongo, mahali pa kunyongea watu wa ufalme. Hivyo Waislamu walikufa Namugongo miaka kama kumi kabla ya Wakristu, na kwa kosa lilelile: kumtii Mungu kuliko kabaka.

Mwaka 1877 wakafika wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza. Februari 1879 wakafika Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, akiwamo Padri Siméon Lourdel. Msafara huo unahusu pia historia ya jimbo la Tanganyika. Mapadri hao waliondoka Bagamoyo pamoja mwaka 1878 na kugawanyika njiani. Kundi moja lilielekea Ziwa Victoria, lingine likashika njia ya Ujiji na Ziwa Tanganyika. Ni hao wa kundi la pili ambao mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, kusini mwa Kalemie ya leo. Kalemie yenyewe ilikuwa haijawa bado mji.

Lavigerie alitamani kuona ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika. Upande wa Tanganyika kazi hiyo ilishikwa na Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyefika Mpala mwaka 1887 na kupigana na wafanyabiashara ya watumwa. Joubert alibaki hapa hadi kufa kwake mwaka 1927. Upande wa Buganda tumaini liliwekwa juu ya mtoto wa Mutesa.

Mfalme wa miaka 16

Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mwanga alikuwa na miaka 16 tu alipokalia kiti chake. Akiwa mwanamfalme alionyesha urafiki kwa Wakristu, na alipopata ufalme aliwaita Mapadri Weupe, ambao walikuwa wameondoka Buganda mwaka 1882, warudi. Walirudi mwaka 1885.

Urafiki huo haukudumu. Januari 1885, vijana watatu Waanglikana waliuawa kwa amri ya ikulu. Kutoka pwani zilifika habari kwamba Wajerumani wananyakua nchi kwa nguvu. Kisha ikasikika kwamba Mzungu mwingine anakuja kutoka mashariki kupitia Busoga. Wazee wa Buganda walikuwa na imani kwamba atakayeimeza nchi atatokea upande huo. Mzungu huyo alikuwa James Hannington, askofu Mwanglikana. Aliuawa Busoga mwishoni mwa Oktoba 1885, kwa amri iliyotoka kwa Mwanga na washauri wake.

Mmoja wa wakubwa wa ikulu, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alithubutu kumkemea mfalme kwa mauaji hayo. Balikuddembe alikuwa Mkatoliki na aliwaongoza waumini wenzake wakati mapadri hawakuwapo. Tena alikuwa akiwaficha watumishi vijana wa ikulu pale mfalme alipowataka kwa tendo la mwili. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa. Nafasi yake ya kuwalinda vijana ikashikwa na Karoli Lwanga.

Namugongo, 1886

Ikulu ya Buganda ilijaa vijana wa kiume. Wakubwa wa nchi walipeleka watoto wao kumtumikia kabaka, wajifunze utawala na siku moja wapewe vyeo. Kabaka alikuwa na mamlaka juu ya uhai na kifo cha kila mmoja wao. Wamisionari waliokuwapo waliandika kwamba Mwanga alitaka kulala na baadhi ya vijana hao, na kwamba waliojifunza dini walianza kukataa.

Mei 1886 mfalme alirudi kutoka kuwinda ziwani, akaita watumishi wake, wengi hawakuonekana. Aliambiwa kwamba wako kwenye mafundisho ya dini. Alikasirika sana aliposikia kwamba Mwafu, mtoto wa waziri mkuu, naye anafundishwa na kijana mwingine, Denis Ssebuggwawo. Denis alipigwa hapohapo na kuuawa. Usiku ule Karoli Lwanga aliwabatiza vijana ambao walikuwa bado wanangojea sakramenti, akiwamo Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi.

Asubuhi Mwanga aliwaamuru Wakristu wajitenge na wengine. Walijitenga. Walifungwa kamba na kupelekwa kwa miguu Namugongo, na wengine waliuawa njiani. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga na wengi wa wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa moto. Mauaji yaliendelea hadi Januari 1887. Kanisa Katoliki linawaheshimu mashahidi 22, na Kanisa la Anglikana 23.

Wanahistoria wamebishana muda mrefu juu ya sababu. Wengine wanatia uzito kwenye hasira ya mfalme aliyekataliwa mwili. Wengine wanatia uzito kwenye hofu yake ya Wazungu na ya vijana ambao sasa walikuwa na bwana mwingine kuliko yeye. Mambo hayo mawili hayapingani. Katika ikulu ile, kumkatalia kabaka kitu chochote, nyama, sala au mwili, kulikuwa ni uasi. Baba yake aliwaua Waislamu bila suala la mapenzi kuwamo, na mahali palepale.

Wamisionari walipolazimika kueleza tabia ya mfalme, wengi walisema kwamba aliipata kwa Waarabu wa pwani. Walihitaji mgeni wa kumbebesha lawama. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, wachungaji na wabunge wa nchi ileile wangesema kwamba jambo hilohilo limeletwa na Wazungu wa Ulaya na Marekani.

Dini zinagawana ufalme

Mwaka 1888 Mwanga alipanga kuwaondoa wafuasi wote wa dini za kigeni. Siri ilitoka. Waislamu na Wakristu waliungana, wakaingia mji mkuu na kumtoa, wakamweka ndugu yake Kiwewa. Umoja wao ulidumu wiki chache. Waislamu waliwafukuza Wakristu, kisha wakamweka ndugu mwingine, Kalema, ambaye alikubali kutahiriwa.

Mwanga alikimbia kwa mtumbwi hadi kusini mwa ziwa. Aliyempokea mwishoni ni Mapadri Weupe wa Bukumbi, karibu na Mwanza. Miaka miwili tu baada ya Namugongo, mtu aliyewachoma wanafunzi wao alikula mezani kwao na kujifunza katekisimu. Mapadri walimsamehe, na pia walijua kwamba bila mfalme wa damu ya kifalme Wakristu wasingerudi madarakani.

Wakristu waliokimbia walijiunga naye. Baada ya vita vya kwenda na kurudi, alirudishwa kwenye kiti Februari 1890. Wakubwa wapya waligawana vyeo kwa dini: kiti hiki cha Mkatoliki, kile cha Mprotestanti. Wakatoliki waliitwa chama cha Wafaransa, Waprotestanti chama cha Waingereza. Mwanga aliegemea Wakatoliki.

Desemba 1890 akaja Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza, na mkataba mkononi. Januari 1892 vyama viwili vya Kikristu vilipigana Mengo, chini ya ikulu. Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki na kufyatua bunduki za rashasha upande wao. Wakatoliki walishindwa. Mwanga alikimbia tena, kisha akarudi akiwa upande wa Waprotestanti, maana ndipo nguvu ilipokuwa. Katika ugawaji uliofuata, Wakatoliki walipewa mkoa wa Buddu. Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza kwamba nchi iko chini ya ulinzi wake.

Kifungoni Seychelles

Tangu hapo kabaka alibaki na jina tu. Wakubwa Wakristu na maofisa Waingereza ndio waliotawala. Julai 1897 alitoroka ikulu, akaenda Buddu na kuanza vita dhidi ya Waingereza. Alishindwa na kukimbilia nchi ya Wajerumani. Waliomshinda walimweka mtoto wake, Daudi Chwa, mwenye umri wa mwaka mmoja, awe kabaka.

Mwanga hakukata tamaa. Aliponyoka mikononi mwa Wajerumani, safari hii akijitangaza Mwislamu, akarudi na jeshi. Alishindwa Januari 1898. Aliungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro ambaye Buganda ilikuwa imempiga vita miaka mingi. Wote wawili walikamatwa Aprili 1899 na kupelekwa visiwa vya Seychelles, katika Bahari ya Hindi.

Huko Mwanga alibatizwa na Waanglikana na kupewa jina Danieri. Alikufa tarehe 8 Mei 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yalirudishwa na kuzikwa Kasubi, karibu na baba yake. Katika miaka 35 alikuwa rafiki wa Wakristu, mwuaji wao, mwanafunzi wa Wakatoliki, mfalme wa Waprotestanti, kiongozi wa jeshi akiwa Mwislamu, na mwishoni Mwanglikana mfungwa. Kwa Waganda wengi wa leo anakumbukwa pia kama mfalme aliyethubutu kupigana na mkoloni.

Sheria ilitoka wapi

Waingereza ndio walioandika sheria ya kwanza ya serikali ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja Uganda. Waliileta kama walivyoileta Kenya, Tanganyika na nchi nyingine walizozitawala, wakifuata mfano wa sheria yao ya India. Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1950 ilibeba maneno hayo, na Uganda huru iliyarithi mwaka 1962.

Wakati huohuo mashahidi walipanda altareni. Papa Benedikto XV aliwatangaza wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Oktoba 1964. Namugongo ikawa mahali pa hija, na tarehe 3 Juni ikawa sikukuu ya taifa.

Mwaka 2009 mbunge David Bahati alipeleka mswada wenye adhabu ya kifo. Miezi michache kabla, wahubiri kutoka Marekani, akiwamo Scott Lively, walikuwa wameendesha semina Kampala juu ya hatari ya mapenzi ya jinsia moja. Rais Museveni alitia sahihi sheria Februari 2014, bila adhabu ya kifo. Mahakama ya katiba iliifuta Agosti mwaka huo kwa sababu wabunge waliopiga kura hawakutimia idadi. Mei 2023 Museveni alitia sahihi nyingine: kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, na kifo kwa hali ambazo sheria inaziita nzito zaidi. Aprili 2024 mahakama ya katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame.

Katika mabishano hayo yote Namugongo ilitajwa. Lakini kilichotokea katika ikulu ya Mwanga kilikuwa mtawala mwenye upanga kuwashurutisha vijana, wengine wao watoto, ambao hawakuwa na njia ya kusema hapana isipokuwa kufa. Kumlinda mtoto asishurutishwe na mkubwa, awe wa kiume au wa kike, ni jambo ambalo sheria za nchi zote zinataka. Watu wazima wawili waliokubaliana ni suala lingine. Anayechanganya mambo hayo mawili katika sheria moja hupata nguvu kutoka jina la Karoli Lwanga, na huwabebesha watu wengine dhambi ya Mwanga.

Mjadala ulipofika Congo

Congo haikutawaliwa na Waingereza, na sheria yake ya jinai haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kwa jina. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inasema kwamba ndoa ni ya mtu na mwenzake wa jinsia tofauti. Kifungu cha 176 cha sheria ya jinai, juu ya kuvunja adabu hadharani, ndicho kinachoweza kutumiwa dhidi ya watu hao. Mwaka 2010 mswada wa kuadhibu mapenzi hayo ulifikishwa mbele ya wabunge Kinshasa na mbunge ambaye pia ni kiongozi wa kanisa. Haukuwa sheria. Mwingine ulifuata miaka michache baadaye, nao ukakwama. Juni 2024 aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, aliagiza waendesha mashtaka wafungulie kesi watu wanaopendana na watu wa jinsia yao.

Ndani ya Kanisa Katoliki pia sauti si moja. Januari 2023, siku chache kabla ya kufika Kinshasa, Papa Fransisko alisema katika mahojiano na shirika la habari la AP kwamba sheria zinazowafunga watu kwa sababu hiyo si za haki, ingawa mafundisho ya Kanisa juu ya dhambi yanabaki yaleyale. Desemba mwaka huo Vatikano iliruhusu mapadri kuwabariki watu wa namna hiyo nje ya liturjia. Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alijibu kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya bara hili. Hata hivyo, kukataa kubariki ni amri ya Kanisa kwa waumini wake. Kufunga jela ni kazi ya serikali juu ya raia wote, wanaosali na wasiosali.

Tofauti hiyo ndiyo iliyokosekana Buganda. Mutesa na Mwanga hawakukubali kwamba kuna mahali ndani ya mtu ambapo amri ya mfalme haifiki, na kwa hiyo waliua. Wakristu na Waislamu waliopata madaraka baada yao nao walifukuza, waligawana mikoa na kupigana Mengo. Karoli Lwanga na wenzake walikufa wakidai mahali hapo. Kila tarehe 3 Juni wanakumbukwa kwa sababu hiyo, hapa Kalemie kama Namugongo.